Ofisi bila karatasi: maswali tunayoulizwa kila siku

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya uhasibu hapa Dar es Salaam, tuko watu 6, wateja wetu wengi ni wenye maduka, gereji, famasi na mabasi mawili matatu. Miaka ya nyuma tulikuwa tunakaa katikati ya maboksi, kabati zimejaa, juu ya kabati mafaili, chini ya meza mafaili, mteja akipiga simu anataka risiti ya mwaka juzi watu wawili wanapoteza asubuhi nzima. Sasa hivi karibu kila kitu kiko kwenye kompyuta, na tangu tubadilike watu wanatuuliza maswali yale yale, kwahiyo nimeyaandika hapa na majibu yake kama ninavyowajibu wakija ofisini. Mengi ni ya Tanzania maana ndo naijua, ila wa Kenya nimewagusa kidogo pale ninapojua sheria yao inasemaje.

Ofisi bila karatasi maana yake hakuna karatasi hata moja?

Hapana. Karatasi zitaendelea kuingia mlangoni, dereva ataleta risiti ya mafuta, benki itakupa barua, mwenye nyumba ataleta mkataba wa pango. Kinachobadilika ni wapi unapoenda kutafuta. Zamani ukitaka kitu unaenda kwenye kabati, sasa unaenda kwenye kompyuta, na kile kilichopo kwenye kompyuta ndo kinachoaminika na ofisi nzima. Kama watu wako bado wanasema "ngoja nikaangalie kwenye faili" wakimaanisha la kabatini, bado hujaanza hata kama umenunua skana ya milioni.

Sawa, naanzia wapi? Nina maboksi ya miaka kumi huko stoo.

Usianze na maboksi, nakuomba. Hapa ndo watu wengi wanakufa moyo, wanaajiri kijana aje askani stoo nzima, wiki ya pili kijana kachoka, mafaili yana majina ya ajabu ajabu, na wakati huo karatasi mpya zinaendelea kurundikana mezani kama kawaida.

Anza na printa. Kaa siku moja tu karibu na printa uangalie kinachotoka. Sisi tulipofanya hivo tuligundua karatasi nyingi zimezaliwa kwenye kompyuta, yaani mtu kaandika ankara kwenye kompyuta, kaiprinti, kapeleka kwa bosi asaini, kaigonga muhuri, kaiskani, kaituma kwa barua pepe, afu ile karatasi kaiweka kwenye faili. Ilikuwa tayari faili la kompyuta, tumeitoa tukairudisha ikiwa na ubora mdogo kuliko mwanzo! Angalia pia za serikali. Malipo ya serikali yanatoka na kontrol namba tangu 2017, usajili wa kampuni BRELA ni onlaini tangu 2018, zabuni za serikali toka 2023 ziko kwenye NeST, yote hayo yanakuja kama PDF na sisi tulikuwa tunayaprinti ili tuyatunze. Ukizuia hayo tu, nusu ya kazi imeisha bila kugusa skana.

Kuna njia rahisi ya kujipima: kila mkifungua rimu mpya andikeni tarehe kwenye ukuta pembeni ya printa. Rimu moja ni karatasi 500. Baada ya miezi mitatu mtaona wenyewe kama tarehe zinaachana au zinabanana.

Kuhusu yale maboksi ya stoo, sheria yetu ni kwamba faili la zamani likiguswa linaskaniwa. Mteja kaulizia mkataba wa 2019, umeutoa, basi kabla hujaurudisha uskani. Ambalo haliguswi liache lilale, umri wake ukiisha linaharibiwa.

Kwanini nijisumbue lakini, mbona mafaili yangu yako vizuri tu?

Nenda katoe risiti za EFD, zile za mashine ya risiti za kodi, za miaka mitatu iliyopita uziangalie. Mashine za EFD zilianza kwetu 2010 na risiti zake zinatoka kwenye ile karatasi ya joto, haitumii wino, karatasi yenyewe ina dawa inayobadilika rangi ikipata joto. Sasa kitu kinachoandikwa kwa joto kinafutwa kwa joto. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inageuka nyeusi au inafifia, ukiiweka kwenye bahasha ya nailoni inafifia, mikono yenye mafuta inaifuta, na hata kwenye faili zuri kabisa miaka ikipita unabaki na kikaratasi cheupe. Na TRA, yaani mamlaka ya mapato, anataka kumbukumbu za miaka 5. Nimeona mteja wetu anakataliwa matumizi aliyoyafanya kweli, pesa katoa kweli, ila risiti zimebaki nyeupe. Iliniuma sana na ndo siku nilipoamua kwamba hii kazi lazima ifanyike.

Halafu kuna maji. Dar mvua za masika zikikolea ofisi za chini zinaingiwa na maji, na droo ya kwanza kulowa ni ile ya chini ambayo ndo imewekwa mafaili mazito. Panya na mchwa nao wapo, hao hawangoji msimu.

Ninunue skana gani?

Kwa ofisi ya watu mpaka kumi nunua ile inayokula karatasi yenyewe, unaweka rundo la kurasa 30 au 50 juu inavuta moja moja, na iwe inaskani pande mbili kwa mkupuo. Ile ya kufunua kifuniko na kulaza karatasi moja moja ni nzuri kwa hati ya nyumba au kitabu, kwa kazi ya kila siku itakuchosha utaacha.

Kama hela haipo anza na simu. Programu ya Google Drive kwenye simu ya Android ina sehemu ya kuskani, inakata pembeni, inanyoosha, inatoa PDF. Hiyo ndo dereva wetu anatumia, anapiga risiti hapo hapo sheli kabla hajawasha gari. Usikubali picha ya kawaida ya kamera, kivuli cha mkono kinaziba jumla kuu na ndo namba unayoitaka.

Mpangilio: weka 300 dpi, yaani nukta 300 kwa inchi, kijivu inatosha kwa karatasi nyingi, rangi kwa zenye muhuri. Ukurasa wa namna hiyo mara nyingi hauzidi KB mia tatu mia nne, kwahiyo hata ile GB 15 ya bure ya Google inabeba makumi elfu ya kurasa, mradi usiijaze na video za harusi maana nafasi ni hiyo hiyo ya barua pepe na picha. Washa OCR kama programu inayo, hiyo ni ile inayosoma maandishi kwenye picha ili baadaye uweze kutafuta neno. Kiswahili inasoma vizuri tu kwa sababu herufi zetu ni hizi hizi, mwandiko wa mkono ndo unaisumbua.

Mafaili mnayapa majina gani?

Hili swali ningependa liwe la kwanza kuulizwa na kila mtu, maana skana ni hela tu ila majina ni nidhamu. Ofisi nyingi zilizoskani ukifungua kompyuta yao unakuta "scan0001", "scan0002", "mkataba mpya", "mkataba mpya wa mwisho", "mkataba wa mwisho kabisa huu ndo". Hiyo ni stoo ile ile, imehamia kwenye kompyuta tu.

Sisi tunaandika hivi: tarehe, nani, nini, kiasi. Mfano 2025-03-14 gereji ankara 450000. Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku, na mwezi wa tatu unaandikwa 03 siyo 3, kwasababu kompyuta inapanga kwa kusoma herufi kutoka kushoto, ukianza na siku itakuwekea tarehe 1 za miezi yote pamoja. Tarehe ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi, siyo siku uliyoskani, hili watu wanakosea sana. Na jina la mteja liandikwe kwa namna moja, tuna daftari la majina, maana mmoja akiandika "Mama Asha Duka" mwingine "Duka la Mama Asha" mwingine "M/Asha" ukitafuta unapata theluthi ya kumbukumbu zake na unadhani ndo zote.

Folda tumeweka chache: mteja, ndani yake mwaka, ndani yake aina tano tu, yaani mauzo, manunuzi, kodi, mishahara, mikataba. Tulijaribu mara ya kwanza kuwa na folda nyingi za kila kitu, watu wakawa wanakaa wanafikiria hii iende wapi, wakichoka wanaitupia kwenye folda ya "mengineyo". Folda ya mengineyo tuliifuta.

Si tunatumiana tu WhatsApp? Kila kitu kipo humo.

WhatsApp ni ya kupokelea, siyo ya kutunzia. Picha ikitumwa kama picha inabanwa inapoteza ubora, mwambie mteja aitume kama dokumenti. Ukichelewa kudaunlodi siku nyingine unaigusa inagoma kufunguka. Simu ikiibiwa Mbagala kwenye daladala kumbukumbu za mteja zimeenda nayo. Na mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na simu yake na mazungumzo yote. Kwetu kila siku saa kumi jioni, kabla mtu hajabeba mkoba, anahamisha vilivyoingia kwenye simu yake kwenda kwenye folda ya mteja na anavipa majina. Dakika kumi hadi kumi na tano.

Umeme ukikatika je? Na intaneti?

Umeme: tumia laptopu badala ya kompyuta ya mezani, na rauta iweke kwenye kayupiesi kadogo (UPS, ile betri ya akiba), rauta inakula umeme kidogo sana kwahiyo UPS ndogo inaibeba muda mrefu. Kipindi kile cha mgao tuliishi hivo. Skana ndo inasubiri, karatasi zinakaa kwenye trei moja mezani mpaka umeme urudi.

Intaneti: usitegemee kitu kilichopo mtandaoni tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja, intaneti ikazorota nchi kadhaa za ukanda huu Tanzania ikiwemo, na siku za kupeleka ritani za kodi zinakaribia. Sisi tulikuwa na folda za wateja kwenye kompyuta zenyewe, zile programu za kusawazisha zinaweka kopi kwenye mashine na kopi mtandaoni, kwahiyo watu walifanya kazi kama kawaida wakasubiri mtandao kwa ajili ya kutuma tu. Hakikisha programu yako imewekwa kutunza mafaili kwenye mashine, maana nyingine zinaonyesha jina la faili tu na faili lenyewe liko mbali.

Kama iko Drive si tayari nina bakapu?

Hapana, na naomba hapa usome taratibu. Kusawazisha siyo bakapu. Ukifuta faili kwenye kompyuta linafutika na kule mtandaoni, virusi vikifunga mafaili yako, yaliyofungwa ndo yanapanda juu kufuta mazima. Kwenye Google Drive kilichofutwa kinakaa kwenye pipa la taka siku 30 kisha kinaondoka.

Weka kopi tatu: moja kwenye kompyuta unayofanyia kazi, moja mtandaoni, moja kwenye hadi diski ya nje ambayo haikai imechomekwa. Sisi tuna diski mbili, zinabadilishana kila Ijumaa, moja ofisini kwenye droo yenye kufuli moja nyumbani kwa bosi, zote zimewekwa pasiwedi. Kila baada ya miezi mitatu mtu anachagua mafaili matano bila kupanga anayafungua kutoka kwenye diski aone kama yanafunguka kweli. Diski ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu. Na fleshi siyo ya bakapu, fleshi ni ya kubebea kitu kutoka A kwenda B.

Akaunti iwe ya nani?

Ya ofisi. Siyo ya kijana wa kompyuta, siyo ya mtoto wa bosi aliyekuja likizo akafungua. Tuliwahi kupokea mteja ambaye kumbukumbu zote za miaka miwili zilikuwa kwenye akaunti binafsi ya mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi, ikachukua miezi na wazee kuingilia kati ndo zikapatikana. Akaunti iwe na namba ya simu ya ofisi, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na ikiwezekana utumie programu ya kutoa namba badala ya meseji, kwa sababu laini za simu zinaibiwa kwa kusajiliwa upya na meseji zako zinaenda kwa mwizi. Mtu akiacha kazi siku hiyo hiyo anatolewa, kwa heshima tu, siyo kwamba anashukiwa.

TRA na mahakama watakubali kopi za kompyuta?

Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inatambua kumbukumbu za kielektroniki na mahakamani zinapokelewa kama ushahidi, ila wanaangalia ilitengenezwaje, ilitunzwaje, na kama kuna mtu kaichezea. Kwahiyo faili ukishaliskani usilihariri, ukitaka kuongeza maelezo andika kwenye faili lingine pembeni. Kwenye kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai miaka 5, na Kenya Sheria yao ya Taratibu za Kodi ya 2015 nayo ni miaka 5. Risiti za EFD zina namba ya kuhakiki, ukiwa na kopi inayosomeka unaweza kuithibitisha kwenye tovuti ya TRA, ndo maana kusomeka ni muhimu kuliko ile karatasi yenyewe.

Hata hivyo ushauri wangu ni usitupe karatasi siku ya kuskani. Tuna boksi moja kwa kila mwezi, zikishaskaniwa zinatupwa humo bila kupangwa, boksi linaandikwa mwezi na mwaka basi. Hakuna anayepoteza muda kuzipanga na zikihitajika zipo. Kama una kesi au pingamizi la kodi lililo wazi, usiguse boksi lolote la miaka hiyo hata kama mitano imepita. Na kopi ya kumbukumbu za kodi iwepo hapa hapa nchini, siyo mtandaoni peke yake.

Kuna karatasi ambazo hazitupwi milele: hati ya kiwanja, wosia, vyeti, kadi za magari, mikataba iliyolipiwa ushuru wa stempu. Hizo skani kwa ajili ya kuzitafuta haraka, ila zenyewe zikae kwenye kasha lisiloshika moto au benki.

Na sahihi, na muhuri?

Watu wanachanganya vitu viwili. Kupiga picha sahihi yako ukaibandika kwenye PDF ni picha tu, yeyote mwenye hiyo PDF anaweza kuikata akaibandika kwingine. Sahihi ya kidijitali yenyewe inafungwa na ufunguo wa siri, mtu akibadilisha hata nukta moja baada ya kusaini inaonekana. Ile Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki inatambua sahihi za kielektroniki, Kenya nao walirekebisha sheria zao za biashara mwaka 2020 zikaingia. Kwa mambo ya ndani, kuidhinisha likizo, kuomba pesa ya matumizi, barua pepe ya bosi ikisema "nimeidhinisha" inatosha na tunaitunza kama PDF. Kwa benki bado wanataka kalamu na muhuri mara nyingi, wapelekee, usigombane nao kaunta.

Karatasi zilizokwisha muda tuzipeleke wapi?

Usiziuze kwa kilo. Naongea hili kwa uchungu kwasababu nimewahi kununua karanga za kukaanga stendi, nikamaliza nikakunjua ile karatasi, ni orodha ya mishahara ya watu wa ofisi fulani, majina, namba za benki, makato. Wale watu hawajui mpaka leo. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi Tanzania, Kenya wao wana yao ya 2019, na hapa kwetu ofisi inayoshika taarifa za watu inapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda hadi mwisho. Nunua mashine ya kuchana ile inayokata vipande vidogo, siyo ya mistari mirefu. Andikeni kwenye daftari boksi gani limechanwa, siku gani, na nani alishuhudia.

Bosi wetu ni mzee, hataki kusoma kwenye kioo. Tufanyeje?

Mprintie. Kweli kabisa. Mzee wetu aliyeanzisha ofisi alikuwa anataka taarifa ya mwezi mkononi na kalamu nyekundu, tukawa tunampa, anaweka alama zake, tunaskani zile alama zinaingia kwenye folda. Hakuna aliyebishana naye. Baada ya mwaka hivi siku moja alikuwa Tanga kwenye msiba akahitaji hesabu za mteja, akafunguliwa kwenye simu yake ndani ya dakika moja, alivyorudi akaomba afundishwe mwenyewe. Wateja wazee pia, ukimpa karatasi yake na ukamweleza kwamba nyingine iko salama huku, anaridhika.

Dada wa masjala atakosa kazi?

Kwetu ndo amekuwa mtu wa muhimu kuliko wote. Yeye ndo alikuwa anajua jalada gani linafuata lipi, nani aliazima na hakurudisha, mteja gani ana majina mawili, na hiyo akili hakuna programu inayokuja nayo. Tulimfundisha skana wiki moja, kanuni za majina kaziandika yeye, na sisi wote tukikosea anaturudishia faili tulipe jina upya, hata bosi. Ofisi zinazomwondoa mtu wa masjala ili zinunue mfumo zinajikuta na mfumo uliojaa vitu ambavyo hakuna anayejua viko wapi. Mwongeze mshahara kama unaweza.

Kurasa zetu zinatoka na mstari mweusi wima, skana imekufa?

Haijafa. Kuna vumbi au tone la gundi kwenye kile kioo chembamba karatasi inapopita, fungua, futa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo na spiriti, futa na zile rola za mpira maana ndo zinavuta karatasi mbili mbili zikichafuka. Toa pini zote kabla ya kuweka rundo. Na risiti ndogo ndogo zipange kwenye plastiki ya kubebea inayokuja na skana, siyo kuzigundisha kwenye A4 kwa gundi, hiyo gundi ndo iliyokuletea huo mstari.